Krismasi ya kwanza Uru bila mama mkwe: nifanyeje nisichanganyikiwe?

FundiWaKimara

Habarini wakuu. Naomba ushauri wa watu wazima, hasa mnaotoka Kilimanjaro.

Mimi ni fundi cherehani hapa Kimara. Kwetu Singida, nimeolewa Uru. Mume wangu ndiye kitinda mimba, na kama mnavyojua, kwa Wachagga nyumba ya wazazi huwa ya mtoto wa mwisho wa kiume. Kwa hiyo Krismasi ukoo mzima unashukia kwetu: wa Dar, wa Arusha, wa Mwanza, hadi shemeji aliyeko Nairobi. Miaka yote mama mkwe ndiye aliyekuwa anauendesha mji ule. Mimi nilikuwa nafika, napewa kisu na mkungu wa ndizi, kazi yangu naijua. Mama ametutoka mwezi wa nne. Mwaka huu wote wananitazama mimi.

Na Desemba ndio mwezi wangu wa kazi. Hapa ninapoandika, mezani kuna mafurushi ya vitenge, kila moja na kikaratasi chake cha vipimo. Sare za kwaya zinasubiri ovaloki. Bado simu inaita, "fundi, mimi nina kagauni kamoja tu ka mtoto." Usiku nikilala moyo unakwenda mbio na vidole vinacheza kama bado nimeshika kitambaa. Kwenye grupu la ukoo wameshaanza michango ya ng'ombe na mbuzi, na kila ujumbe ukiingia nashtuka. Juzi mwanangu wa darasa la pili alikuwa ananisomea daftari lake, akafika mwisho akaniuliza, "Mama, nimesoma nini?" Sikuwa na jibu.

Sitaki kuacha kwenda. Nataka kufika kule nikiwa na akili yangu. Nikae na baba mkwe, niimbe kanisani, na nikipata nafasi nimlilie mama, maana kwenye msiba sikupata, nilikuwa jikoni muda wote. Wenzangu mnafanyaje?

Mpita_Njia

Dada pole. Bakini Dar mwaka huu. Tumeni hela, lala, pumzika. Krismasi ni popote.

FundiWaKimara

Asante kaka. Mwaka mwingine labda. Huu ni wa kwanza baba hana mkewe, lazima tuwepo.

Mama_Kibosho

Mwanangu, pole kwa msiba, na pole kwa mzigo. Mimi pia niliolewa na kitinda mimba, sasa ni bibi, kwa hiyo unachokisema nakijua mpaka ndani.

Kwanza usijaribu kuwa yeye. Hakuna anayekudai hilo, hata kama macho yao yanaonekana yanadai. Wale mawifi zako wamefiwa na mama yao mzazi. Mpigie wifi mkubwa, mpigie kwa sauti, achana na grupu, umuulize, "Wifi, asubuhi ya Krismasi mama alikuwa anaanza na nini?" Mwache aongee hata saa nzima. Mkimaliza utakuta ameshajigawia nusu ya kazi mwenyewe, kwa sababu atataka mikono yake iguse vitu vya mama yake. Ukifika umebeba kila kitu peke yako, utakuwa umewanyima hilo.

Nyama si kazi yako. Kuchinja na kugawa ni mambo ya wanaume. Kila kipande kina mwenyewe kwenye ukoo na wazee wanajua kipi cha nani. Wakianza kubishana pale nje, wewe usitoke hata kuchungulia. Na kama kuna shemeji ana jambo la kihamba, yaani shamba la ukoo, maana kila Krismasi huwa lipo, mwambie mumeo alipeleke kwenye kikao cha ukoo sikukuu ikishapita. Wazee wapo, isale lipo, lile jani letu la kuombeana msamaha, watapatanishwa. Lisizungumzwe kwenye sahani ya chakula.

Wewe chukua chungu kimoja. Mimi nakushauri mtori wa asubuhi. Tafuta ndizi mshare, umenye jioni ya mkesha, uziloweke. Alfajiri nyama ya mifupa iwe imeshaiva, ndizi ziingie, zilainike, halafu kaa chini na mwiko uuponde taratibu mpaka usikie hakuna bonge linalogonga. Simu ibaki chumbani. Usiulizwe chochote, usijibu chochote, wewe na mwiko tu. Mimi miaka ile nyumba imejaa watu mpaka wanalala kwenye mikeka, hiyo ndiyo ilikuwa nusu saa yangu. Nilikuwa nikitoka pale naweza kumsalimia kila mtu kwa jina lake na kusikia anachonijibu.

Jambo lingine, Majilio. Kanisa limetuwekea Jumapili nne kabla ya Krismasi ili tujiandae kwa utulivu, sisi tumezigeuza Jumapili za kukimbizana Kariakoo. Funga cherehani siku hiyo. Mwenye kitambaa chake atarudi Jumatatu.

Sista_wa_Zamu

Mimi ni muuguzi. Dada, huo moyo kwenda mbio usiku usiudharau. Ukiendelea, au ukipata maumivu ya kifua au kizunguzungu, nenda kituo cha afya wakupime presha kabla hujasafiri. Chai ya rangi na kahawa za kukesha nazo zinachangia, jioni zipunguze.

Cha kufanya leo hii ni pumzi. Ukivuta pumzi mapigo ya moyo hupanda kidogo, ukiitoa hushuka. Kwa hiyo ukiitoa polepole, ndefu kuliko ulivyoivuta, unausaidia mwili ushuke. Vuta kwa pua ukihesabu mpaka nne, toa ukihesabu mpaka sita, mara kadhaa. Najua utasema huna muda. Fanya kila unapokata uzi. Mguu utoke kwenye pedali, mkono kwenye mkasi, pumzi itoke yote, ndipo ugeuze kitambaa. Mawazo yakikimbilia Uru, na yatakimbilia, usigombane nayo. Rudi kwenye uzi ulioko mkononi.

Na mtoto akisoma daftari, mpe muda wake mfupi lakini wote. Zima mashine, mtazame mdomo unavyotamka maneno. Hata kurasa mbili zinatosha.

Kuhusu kumlilia mama, usisubiri nafasi ipatikane, haitapatikana. Panga. Mwambie mumeo kabisa, siku fulani asubuhi mnakwenda kaburini wawili, kabla wageni hawajaamka. Kaburi si liko hapohapo kihambani?

Roho_ya_Barabara

Nakwenda njia hiyo kila wiki, niongee la kwangu. Ugomvi mwingi wa Krismasi unaanzia safarini, watu wanafika wamechoka, wana njaa, wameshanuniana. Msisafiri tarehe 23 wala 24. Kuanzia Chalinze mpaka Segera mtajuta, na kituo cha Magufuli hapo Mbezi siku hizo hata pa kusimama hakuna. Ondokeni tarehe 19 au 20. Tangu 2023 mabasi ya usiku yameruhusiwa tena, watoto wanalala njia nzima. Mkienda na gari yenu, mumeo asiendeshe akitokea kazini moja kwa moja. Laleni Korogwe au Mombo, asubuhi mnapanda Same mkiwa wazima.

Halafu tenga nauli ya kurudi na hela ya sare na ada za Januari kabla ya kutoa mchango wowote. Weka kwa mtu, au kwenye kibubu, isiingie kwenye simu. Mtu ambaye anajua ya Januari ipo hana wasiwasi akicheza na watoto kihambani.

FundiWaKimara

Mungu awabariki wote. Nimebandika karatasi mlangoni: mwisho wa kupokea vitambaa tarehe 12. Wateja wawili wamenuna, mmoja amesema ataleta kesho asubuhi na mapema, na kweli ameleta. Ovaloki ya kwaya nimempa fundi wa jirani tugawane.

Wifi nimempigia. Ameongea kweli, Mama Kibosho, tukalia wote kwenye simu. Kumbe kila asubuhi ya Krismasi mama alikuwa anaanza na kumpelekea jirani yake mzee kikombe cha maziwa, mimi miaka yote nilidhani anakwenda kukata majani ya ng'ombe. Wifi amesema maziwa atapeleka yeye. Mtori wangu.

Swali moja limebaki, Mama Kibosho. Mbege, ile pombe ya ndizi. Mama alikuwa anapika mwenyewe, na baba ameuliza kwa simu kama mwaka huu itakuwepo. Mimi wa Singida najua togwa, mbege sijui. Nijaribu?

Mama_Kibosho

Usijaribu mwaka huu, mwanangu. Mbege ina siku zake. Ndizi mbivu zichemshwe, zikae, uji wa ulezi upikwe pembeni, na msesewa, yale magome ya mti ya kuipa uchungu, ukizidi inakuwa chungu hakuna atakayekunywa. Uru wapo kina mama wanaopika kwa kuagizwa. Wifi yako awaagize kabla ya tarehe 15, maana wiki ile ya mwisho hawapokei tena. Ikiletwa, wewe mwenyewe mjazie baba kata ya kwanza, umpe kwa mikono miwili, ukae naye anywe. Ya kupika nitakufundisha Pasaka, ukija upande huku.