Mliosoma historia ya ustaarabu wa Magharibi mwaka wa kwanza chuo, tupeane uzoefu

Mtoa mada: Wakuu, habari za majukumu. Nipo chuo cha miaka miwili huku Ohio, na somo hili ni la lazima: Mesopotamia hadi 1648. Historia niliyotoka nayo Tanga ni ukoloni na biashara ya masafa marefu. Wiki ya tatu nishapotea. Mlitokaje?

Mdau 1: Pole mkuu. Mimi nilikariri miaka kama tulivyozoea: sheria za Solon kule Athene 594 KK, kuanguka kwa Roma 476, kuanguka kwa Konstantinopoli 1453. Mtihani ukaja na kipande cha sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli huko Mesopotamia: ukimvunja bwana mfupa, na wako unavunjwa, ukivunja wa mtumwa wake, unalipa nusu ya bei ya mtumwa. "Eleza jamii iliyoandika haya." Nikajaza miaka aliyotawala mfalme. 41 kwa 100.

Mdau 2: Mimi Ugiriki ndiyo iliniamsha. Waathene walikuwa na kura ya kumfukuza mwanasiasa mjini miaka 10. Jina unalikwaruza kwenye kigae cha chungu. Profesa akatuonyesha picha: vigae 190 vilivyochimbuliwa kisimani pale Akropoli, vyote vina jina la Themistocles, mwanasiasa wa Athene, na miandiko haifiki 15. Nikaangua kicheko. Kura zimejazwa nyumbani hizo! Akaniuliza nacheka nini, nikamweleza. Mzungu mmoja akabisha kwamba huenda waligawiwa wasiojua kuandika. Nikamjibu, na aliyegawa alikuwa anamtaka nani? Kipindi kikaishia hapo, na toka siku hiyo sikusinzia tena.

Mdau 3: Mimi darasani sikukanyaga. Ulizia mtihani wa CLEP, ule wa kupata krediti za somo bila kuhudhuria darasa: maswali 120, dakika 90. Chuo changu kilinipa krediti 3. Ila uliza kwanza kama chako kinaupokea.

Mdau 4: Kilichonikera ni Mtakatifu Augustino kuitwa mwanafikra wa Magharibi kana kwamba kazaliwa Paris. Mtu wa Thagaste, Algeria ya leo, mwaka 354! Mama yake, Monika, ni somo wa mama yangu. Insha yangu ya mwisho niliiandika juu ya hilo, profesa akanirudishia na swali moja pembeni: "Sasa Magharibi ni wapi?" Maksi alinipa nzuri.

Mtoa mada: Asanteni sana. Mdau 2, Jumatatu tunaingia Athene. Hiyo ya kisima nakaa nayo kimya mpaka aulize.