Naomba ushauri: mirija ya boila inapata nyufa kando ya weldi

Habari wakuu. Mirija ya supahita (sehemu inayoongeza joto la mvuke) ya boila yetu ni stenlesi 304H, aina yenye kaboni zaidi kwa ajili ya joto kali, imeunganishwa na mirija ya chuma chenye kromu asilimia 2.25. Mvuke unatoka na nyuzi 540 za Selsiasi, ukuta wa mrija wenyewe bila shaka uko juu zaidi. Tulibadilisha vipande vichache, na picha za eksirei zilionyesha weldi safi kabisa. Sasa kuna nyufa. Cha ajabu, weldi ni nzima. Ufa unakaa pembeni kidogo tu, upande wa chuma cha kromu.

Stenlesi hutanuka zaidi kuliko chuma hicho, kwa hiyo kila tukiwasha na kuzima hapo panavutana. Fundi alichomelea kwa waya wa stenlesi 309. Mimi nashawishika tuhamie waya wa nikeli, kwa sababu utanukaji wake uko karibu na wa chuma cha kromu na hupunguza kuhama kwa kaboni kutoka chuma hicho kuingia kwenye weldi. Mwenzangu anadai stoo walitupatia 304L kimakosa badala ya 304H, yenye kaboni kidogo na isiyohimili mzigo kwenye joto kali. Sawa, lakini mbona ufa hauko upande huo wa stenlesi?

Aliyewahi kukutana na hili, waya wa nikeli ulidumu? Na mlipasha joto baada ya kuchomelea, au mliacha hivyohivyo?