Hojaji ya kafyu na karantini: niulize vipi nipate jibu la kweli?

Nyalenda_B
Habari zenu. Tunaandaa hojaji hapa Kisumu kujua wananchi wako tayari kuachia haki zipi ugonjwa kama korona ukizuka tena. Swali la kwanza: "Je, uko tayari kupunguziwa uhuru ili uwe salama?" Kwenye majaribio karibu wote wamesema ndiyo. Niliache ama nibadilishe?

Karani_Nakuru
Badilisha. Nani atakataa usalama? Kila haki iwe na swali lake, na swali litaje saa, muda na msimamizi: "Kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri, siku 30, ikisimamiwa na polisi. Unakubali?" Saa hizo ndizo zilizowekwa kaunti 13 za huko kwenu Juni 2021, watu wanazikumbuka. Kisha tengeneza toleo la pili lenye badiliko moja tu, mathalani ianze saa nne usiku. Nusu ya watu wapewe hili, nusu lile, kwa bahati nasibu. Ukibadilisha mawili kwa pamoja hutajua lipi limewageuza.

Maswali ya hofu ya ugonjwa yaje mwisho. Yakitangulia, mtu hujibu yanayofuata akiwa tayari ameogopa. Andika pia kazi ya mhojiwa: muuza samaki wa jioni pale soko la Kibuye na mwalimu wa mshahara hawapotezi kitu kilekile kafyu ikianza saa moja.

Wakili_Kakamega
Nyalenda_B, tenganisha "kutengwa hospitalini" na "kufungwa". Mwaka 2010 wagonjwa wa kifua kikuu walioacha dawa walitupwa jela Kapsabet kwa kisingizio cha Sheria ya Afya ya Umma. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ikasema huo ni ukiukaji wa Katiba. Na mateso usiyaweke kwenye orodha kabisa: Kifungu cha 25 cha Katiba hakiruhusu haki ya kutoteswa ipunguzwe, hata wote wakikubali.

Nyalenda_B
Asanteni sana. Tukiuliza kwenye baraza la chifu, watu wanyooshe mikono?

Karani_Nakuru
Hapana, tafadhali. Mbele ya chifu mkono hunyooka kwa heshima au kwa woga, na huwezi kutofautisha. Nenda nyumba kwa nyumba, mtu mmoja faraghani, bila kuandika jina. Nenda hata jioni na Jumamosi, la sivyo utawakosa wanabodaboda wote. Tafsiri ya Kidholuo irudishwe Kiswahili na mtu ambaye hajaona hojaji ya kwanza. Palipotofautiana, rekebisheni kabla ya kuchapisha.