Lethi niliyoagiza China imefika chaki inayumba, naombeni ushauri wakuu

BushiZaUsangu
Wakuu habari za jioni. Nipo Mbeya, Mwanjelwa, kazi yangu ni ufundi wa pawatila (zile trekta za mkono) na pampu za maji, wateja wangu wengi ni wakulima wa mpunga huko Usangu. Kila bushi, yaani kile kipande cha duara chenye tundu ambamo ekseli inazungukia, ilikuwa lazima nipeleke kwa mkerezaji nikae foleni siku mbili huku mteja anapiga simu kila dakika kumi, nikaona bora niwe na kamashine kangu. Nikaagiza lethi, mashine ya kukereza vyuma, ndogo ya mezani, ile ya inchi 7 kwa 14, kilo kama 40, mpaka inanifikia imekula milioni moja na laki nane. Imefika Jumamosi. Nimefunga chuma cha duara cha milimita 20 kwenye chaki, kile kibanio chenye kucha kinachoshika chuma, nikawasha, kinacheza unakiona kwa macho kabisa, dayo geji, ile ya kupimia kuyumba, inasoma pointi tatu ya milimita. Muuzaji anasema spindo, ule mhimili unaozungusha chaki, ndo mbovu, nibadilishe kichwa chote cha mashine. Swali langu ni moja tu, kichwa kikija kwa ndege na kikija kwa meli gharama zinapishana sana? Mwenye uzoefu anisaidie.

Kihesa_Kwetu
Kamwene. Pole sana kaka. Mimi wa Iringa hapa niliagiza mashine ya kutotolesha vifaranga, ikaja ya umeme wa 110 ule wa Marekani, mimi bila kusoma kibao nikachomeka kwenye 230 yetu, ikatoa moshi kabla sijaweka hata yai moja. Mpaka leo watoto wanawekea viatu. Soma kibao kwanza mkuu.

MkerezajiMkongwe
Kijana, nina maswali mawili. La kwanza, hiyo geji umeiweka wapi, kwenye chuma ulichofunga, kwenye chaki, au kwenye spindo yenyewe? La pili, pesa ulilipia ndani ya mtandao ulikoagizia au nje, na umeshabonyeza kwamba mzigo umepokea?

BushiZaUsangu
Shikamoo mzee. Nimepima kwenye chuma, sentimita 10 kutoka kwenye chaki. Kibao kinasoma 230 nimekiangalia. Bado naomba mwenye kujua bei za usafiri.

MamaVwawa
Umeulizwa maswali mawili umejibu moja mdogo wangu. Mimi natoa vyerehani huko huko China mwaka wa sita huu, hilo la pili ndilo lenye pesa yako. Ukilipia ndani, mtandao unashikilia hela mpaka ubonyeze au siku ziishe. Sasa umebonyeza au hujabonyeza?

Mtumishi_Tukuyu
Vijana tunapenda njia ya mkato. Ungekaa foleni kama wenzako, ukanunua mashine iliyotumika ukaikagua kwa mikono yako hapa hapa nchini, leo usingelia. Haraka haraka haina baraka.

BushiZaUsangu
Dada MamaVwawa nilibonyeza. Nilibonyeza Alhamisi mzigo ukiwa bado kwa wakala Dar. Muuzaji aliniambia nikibonyeza mapema ananiongezea chaki ya kucha nne bure. Na msinielewe vibaya, huyu jamaa siyo tapeli, angekuwa tapeli asingenijibu hata saa nane usiku. Kichwa kipya anataka dola 120, dola 60 nimeshamtumia jana kwenye akaunti yake binafsi, nyingine natuma kesho, ndo maana nauliza usafiri maana hapo nimeshaamua.

MamaVwawa
Jamani! Usitume hata senti kesho. Mitandao mingi hata ukishabonyeza inakuachia siku kadhaa za kufungua malalamiko, ingia kwenye oda yako uone zimebaki ngapi. Halafu chukua video moja bila kukata, ianze kwenye boksi na kibandiko cha mzigo, ije kwenye kibao chenye namba ya mashine, imalizie kwenye geji ikizunguka. Mazungumzo yote rudisha ndani ya mtandao, mlichoongea WhatsApp wao hawakioni. Atakwambia rudisha mashine upewe hela yako, anajua nauli ya kurudisha inaimeza mashine. Wewe dai sehemu ya pesa, na kiasi cha kwanza atakachotaja usikubali, mimi huwa wananianzia dola 10.

Reli_ya_Uhuru
Mzee wangu alikuwa karakana ya Tazara kule Mpika, Zambia. Lethi za Mchina za miaka ya 70, kitako cha chuma cha kumimina watu sita hamkitikisi, alikuwa anasema unaweza kusimamisha sarafu juu yake inakereza na isianguke. Mchina ni yule yule, anakupa mashine ya pesa yako. Nikimkumbuka yule mzee na ovaroli lake la bluu linanuka mafuta ya kukatia, dah.

TunguliTunduma
Samahani wakuu ila hii ni chai. Fundi hana hela ya kulipa mkerezaji ila ana dayo geji? Mzigo umefika Jumamosi, jana Jumapili ameshapima, ameshajua spindo, ameshatuma dola. Na wala hasemi boksi lilifikaje. Kesho atasema amepungukiwa dola 60 tumchangie.

Kihesa_Kwetu
Hapo kwenye geji hata mimi nilishtuka. Weka picha mkuu.

BushiZaUsangu
TunguliTunduma umeniumiza ndugu yangu, sijaomba hela ya mtu. Geji nimeazima kwa huyo huyo mkerezaji ninayempangia foleni. Picha hizo hapo, kibao cha mashine na kikaratasi chenye jina langu la humu na tarehe ya leo. Ya tatu ni boksi. Kona imevunjika, wapagazi walilidondosha stendi ya Nane Nane mbele ya macho yangu. Sikumwambia muuzaji, niliogopa atasema nimeiharibu mwenyewe, na hapa pia nikaona nisiseme.

TunguliTunduma
Nimeona. Nisamehe mkuu, humu tumeshalizwa sana.

MkerezajiMkongwe
Sasa tunaongea. Kijana, chaki ya kucha tatu ya bei hiyo haijawahi kuzunguka sawasawa, ukipima kwenye chuma unapima makosa ya watu watatu kwa pamoja, chuma, chaki na spindo. Chomoa umeme. Fungua zile nati tatu za nyuma, toa chaki, weka geji kwenye flanji ya spindo, ile sahani chaki inapofungwa, zungusha kwa mkono. Ikizidi pointi sifuri tatu ndo useme spindo, na hata hapo ni beringi mbili tu za 6206, unazipata maduka ya hapo hapo Mwanjelwa, siyo kichwa kizima. Isipozidi, safisha mgongo wa chaki kwa mafuta ya taa na upapase kwa kidole.

BushiZaUsangu
Wakuu nimerudi. Flanji inasoma 0.02. Nimerudia mara tatu, 0.02. Mgongo wa chaki ulikuwa na ile grisi ya kahawia iliyoganda kama lami, chini yake kwenye tundu la boliti kuna kijipele cha chuma hata macho hayakioni, kidole ndo kimekikuta. Nimekisugua taratibu na jiwe la kunolea, nimefuta, nimefunga, chuma kile kile sasa kinasoma 0.06. Mzee ndaga fijo, asante sana. Kichwa kilikuwa kizima muda wote.

MkerezajiMkongwe
0.06 kwa mashine hiyo ni nzuri. Sasa shusha na slaidi zote, zile sehemu zinazoteleza, uzioshe, hiyo grisi ipo kila mahali, imeshika na mchanga wa kiwandani.

MamaVwawa
Na dola 60?

BushiZaUsangu
Nimemwandikia ndani ya mtandao tangu asubuhi kwamba sitaki tena kichwa, arudishe. Leo hajajibu.

MamaVwawa
Siku za malalamiko zimebaki ngapi?

BushiZaUsangu
Nne.

MamaVwawa
Fungua sasa hivi, usisubiri akujibu. Ambatanisha risiti ya hizo 60 na maneno yake kwamba spindo ni mbovu, na video ya hiyo 0.02.