Nimeongeza konekisheni kwenye qBittorrent, spidi ndo imekufa kabisa

Wakuu habari za saa hizi, nashusha Ubuntu (mfumo endeshi wa kompyuta) kwa qBittorrent, ile programu ya torrenti inayovuta vipande vya faili kutoka kompyuta za watu wengi, faili la GB 5 na kitu, kifurushi cha nyumbani Mbps 10. Kuna mtu kaniambia ongeza konekisheni, yaani idadi ya kompyuta unazounganishwa nazo kwa mpigo, nikatoa 500 nikaweka 3000, sasa ni balaa, spidi inapanda kidogo inaanguka, ruta inajizima na kuwaka yenyewe, na wife analalamika hata voisi za WhatsApp haziendi. Nakosea wapi?

Jibu 1:
Mkuu rudisha chini haraka 😂 kila konekisheni inakula memori ya ruta, hivi viruta vidogo vikijaa ndo vinaganda. Mi naweka 200 jumla, 60 kwa kila torrenti. Alafu aplodi usiiache wazi, kama ni Mbps 2 ibane kwenye KB 200 kwa sekunde, maana ikijaa hata zile taarifa za "nimepokea, leta nyingine" zinakwama foleni na dauniloudi inalala.

Jibu 2:
Huo ushauri wa kuongeza konekisheni ni wa enzi za Windows XP SP2, 2004 hiyo, Microsoft walibana konekisheni zinazosubiri kuunganishwa zisizidi 10, watu tukawa tunapachi tcpip.sys (faili la mtandao la Windows) usiku kucha ili tuondoe hicho kikomo. Siku hizi hamna hiyo kitu.

Muuliza swali:
Daah, nimebana kama mlivyosema, inasoma MB 1.1 kwa sekunde na ruta imetulia. Ila si nalipia 10 jamani?

Jibu 1:
10 ni megabiti boss, hiyo unayoona ni megabaiti, gawa kwa 8. Mwisho wako ni MB 1.25 kwa sekunde.