Dola moja imekunjwa mara nne! Huyu mzee wa hapa Columbus amenidhalilisha mchana kweupe

Tarishi wa Ohio

Wakuu, niko ndani ya gari la posta, nimeegesha kando ya barabara na mikono inatetemeka, wala si kwa baridi. Nina dakika kumi za mapumziko, zote naziteketeza hapa.

Mnamjua. Hakuna haja ya kumtaja. Kila harusi ya Watanzania hapa Ohio, Marekani, maikrofoni anashika yeye, kila msiba mweka hazina ni yeye, suti ni ile ile ya kijani. Akipiga chafya hapa, Cleveland wanamwitikia "afya!"

Sasa nyumba yake imo kwenye njia yangu. Mwaka wa tatu huu namfikishia barua. Desemba hii peke yake nimembebea maboksi kumi na saba, nimeyahesabu. Posta ya hapa mwisho wa kifurushi kimoja ni ratili 70, karibu kilo 32, na mzee huyu naapa huwa anapima kabla ya kuagiza ili asipoteze hata ratili moja. Ngazi zake zina barafu tupu, chumvi hajamwaga tangu theluji ya kwanza. Napanda na boksi kifuani kama mtu anayebeba jeneza peke yake.

Leo nimegonga, kafungua mwenyewe. Sebuleni wageni kama kumi na watano. Pilau inanukia mpaka barabarani, na mimi tangu alfajiri nimekula ndizi moja. Nikasema, "Shikamoo mzee."

HAKUITIKIA. Marahaba hailipiwi kodi! Akaingiza mkono mfukoni, akatoa dola moja, imekunjwa mara nne, imekuwa kama kidonge cha malaria. Akainyanyua juu wageni waione. "Haya kijana, Krismasi hiyo. Kanywe soda."

Nikamjibu kwa adabu zote nilizofunzwa kwetu Kilosa: "Asante sana mzee, ila sisi wa posta haturuhusiwi kupokea pesa taslimu." Akawageukia wageni wake: "Mnamwona huyu? Maskini jeuri!"

Wakacheka wote. Kuna mama mmoja alicheka mpaka akaweka sahani chini.

Maskini jeuri! Mimi! Nimeshika boksi LAKE, nimesimama kwenye barafu YAKE, shikamoo yangu bado inaning'inia hewani haijapokelewa!

Na kanuni sijaitunga mimi. Mfanyakazi wa posta Marekani anaruhusiwa zawadi isiyozidi thamani ya dola 20 kwa sikukuu moja, na kwa mwaka mzima kutoka kwa mtu mmoja zisizidi dola 50. Fedha mkononi hapana, hata senti. Kadi ya dukani sawa, mradi haibadilishwi kuwa pesa. Glovu, soksi, biskuti, chupa ya maji, vyote halali. SAHANI YA PILAU HALALI!

Mtaa huo huo kuna bibi mmoja wa Kimarekani, umri wa kuzaa mama yangu. Kila Desemba anaweka kikapu barazani, maji na biskuti na kikaratasi cha asante kwa wote wanaoleta mizigo. Jina langu analitamka vibaya kabisa, lakini analitamka. Huyu wa kwetu, tuliyekula naye ubwabwa kwenye misiba mitatu, ananiita "kijana" na kunitupia kidonge.

Nani anakunja dola mara NNE? Ameikunja lini? Maana yake alikaa kitini akaiandaa!

Dakika zimeisha. Mods msiunganishe huu uzi na ule wa michango ya harusi.

Mzigua90

Siti ya mbele. Nangoja wageni waliocheka waje kujitetea, najua wamo humu.

Chai Rangi

Suti ya kijani 😂😂😂 Nimemjua kabla sijamaliza sentensi. Hakuacha pia kusema "kwa niaba ya kamati"?

Kisu cha Mfugale

Mkuu na wewe ungepokea tu ukaitupa mbele. Dola moja ni zaidi ya shilingi 2,000 huku Bongo, sahani ya chipsi hiyo. Unaleta sheria za Marekani kwenye njaa.

Tarishi wa Ohio

@Kisu cha Mfugale kamera ya mlangoni kwake inarekodi mpaka paka. Nipokee, halafu aipeleke video kwa meneja wangu? Nina watoto wawili. Na hata kama ingekuwa halali: MARA NNE!

Mhudumu wa Dallas

Wewe nyamaza kabisa. Una mshahara kamili na bima. Mimi nahudumia meza huku Texas, mshahara wa saa ni dola 2.13, na kiwango hicho cha chini cha wanaopokea bakshishi hakijaguswa tangu 1991. Naishi kwa bakshishi. Jumamosi walikuja Watanzania kumi na wawili, wakaunganisha meza tatu, wakakaa saa nne, wakaagiza pilipili mara sita, wakapiga picha na mimi "dada yetu huyu." Bakshishi waliyoniachia: SIFURI, na ujumbe nyuma ya risiti, "Mungu akubariki." Mwenye nyumba wangu hapokei baraka.

Chai Rangi

@Mhudumu wa Dallas hiyo ya "dada yetu" imeniuma mimi ambaye sikuwepo.

Bi Mkubwa wa Malindi

Kwetu Unguja mkono wa Idi huwa haurushwi wala haunyanyuliwi watu wakaona. Mtoto anakuja, anakusalimia, unamwitikia, unamtia kiganjani na kukifumba. Hata iwe mia tano. Mwanangu Tarishi, huyo bwana hakukosa pesa, kakosa adabu. Marahaba, mimi nimekuitikia.

Tarishi wa Ohio

Bi Mkubwa, nimesoma hiyo nimesimama mbele ya sanduku la barua la watu, nikashindwa kuendelea. Shikamoo tena.

Croydon Boy

Huku Uingereza mambo haya yana mizizi. Tarehe 26 mnayoiita Boxing Day haihusu ngumi. Ni boksi: mafundi na matarishi walikuwa wanapitia sikukuu na kisanduku, mtu anatumbukiza alichonacho. Mwingereza mmoja, Samuel Pepys, aliandika kwenye shajara yake Desemba 1663 kwamba alitia chochote kwenye kisanduku cha vijana wa fundi viatu wake. Mpaka leo wengi tunampa mtu wa posta paundi tano au kumi ndani ya kadi. NDANI ya kadi. Haikunjwi.

Kisu cha Mfugale

Kumbe miaka yote nilikuwa nangoja kuona ngumi.

Mama Abigaili

Samahani natoka nje ya mada kidogo. Huku Bongo mtu wa posta hatumjui, barua inakungoja kwenye sanduku lako Posta, unaifuata mwenyewe na funguo yako. Wetu ni mlinzi, mzoa taka na dada wa kazi. Sasa dada wangu nimempa kitenge, sabuni na nauli ya kwenda kwao Singida tarehe 20. Jana kanitumia ujumbe, harudi. Na kitenge kaenda nacho! Nani ana dada?

Mzigua90

@Mama Abigaili unamlipa ngapi?

Mama Abigaili

Hilo halihusiani na mada.

Mhudumu wa Dallas

Linahusiana 😂 Taja.

Mwanasheria wa Mtaa

Amri ya mshahara iliyoanza Januari 2023 iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kuwa kima cha chini kwa dada anayelala kwa mwajiri wa kawaida. Taja, mama, hatukukamati.

Mama Abigaili

Anakula kwangu, analala kwangu, anaangalia tamthilia kwangu!!

Chai Rangi

Basi kitenge kilikuwa malimbikizo ya mshahara. Dada yuko huru.

Zamu ya Usiku

Mimi ndiye mlinzi mnayemsema. Geti la nyumba ishirini na mbili, Mbezi. Kila gari likipita leo linashusha kioo: "Sikukuu yako kesho." Kesho wote wako Kilimanjaro. Nitabaki na mbwa wao, na mbwa wameachiwa nyama.

Tarishi wa Ohio

@Zamu ya Usiku pole sana kaka. Wakuu nimerudi, nimemaliza njia, saa kumi na mbili giza totoro. Naomba turudi kwenye mada. Kesho nina kifurushi chake kingine. Kiko hapa mbele yangu, kimeandikwa KIZITO. Nimpe shikamoo au nisimpe?

Mzigua90

Mpe shikamoo kwa sauti mpaka Cleveland waitikie.

Bi Mkubwa wa Malindi

Mpe. Wewe umelelewa.

Shina la Mgomba

Hapo kwenye "wote wako Kilimanjaro." Jamani kuna mtu kapata basi la Moshi kwa nauli halali? Wakala kaniambia siti zimeisha, nikatoka nje, kijana akanifuata nazo tatu kwa bei ya juu.

Kisu cha Mfugale

Wachaga mmeanza.

Mama Abigaili

Mimi niliuziwa kiti cha plastiki katikati ya korido, na tiketi ikaandikwa namba!

Croydon Boy

Treni ya Moshi si ilirudi 2019? Kwa nini hampandi treni?

Shina la Mgomba

@Croydon Boy treni nayo imejaa kaka. Kwanza nina mbuzi.

Tarishi wa Ohio

Wakuu. Mada.

Zamu ya Usiku

@Shina la Mgomba boss wa nyumba namba tisa kaahirisha safari, ana siti mbili za basi la kesho saa kumi na mbili asubuhi, stendi ya Magufuli. Njoo inbox.

Shina la Mgomba

Nakuja. Mbuzi wanamruhusu?