Nameza kolini ya kumbukumbu, sasa mke wangu asema nanuka samaki. Niache?

Mlikoni34:
Wadau salaam. Nina miaka 34, nafanya klearing, yaani kutoa mizigo ya watu bandarini, mchana kutwa niko kwenye vumbi la godauni Shimanzi na usiku nasomea CPA ya uhasibu, mtihani mwezi wa nane. Shida yangu kusahau. Juzi nimevuka feri, nimefika mjini, ndio nakumbuka faili ya mteja nimeiacha juu ya friji, na niliiweka pale makusudi nisije nikaisahau. Jamaa wa kazini akanambia kuna kirutubisho chaitwa kolini, yafungua akili, nikaagiza chupa mtandaoni, kapsuli moja ni miligramu 500. Imeandikwa moja kwa siku lakini mimi nikaona mtihani u karibu nikawa nabugia nne asubuhi nne jioni, leo wiki ya pili. Kusahau kuko palepale, ila natoka jasho ovyo, tumbo lavuruga, na jana mke kanifungulia mlango akauliza umepitia Marikiti kununua samaki? Wallahi sikupitia. Niache ama nisukume hadi mtihani upite?

BintiKibokoni:
😂😂😂 pole kakangu, nimecheka mpaka chai imemwagika. Nane kwa siku kwani ni njugu?

FamasiaKisauni:
Acha leo leo. Nane mara 500 ni 4,000, na kikomo cha mtu mzima ni 3,500 kwa siku. Mwanamume wa kawaida ahitaji kama 550, mwanamke 425, na hizo ni pamoja na chakula. Hiyo harufu ni kweli, mkeo hakusingizii: kolini ikizidi, bakteria wa utumbo waigeuza kuwa trimethilamini, ndiyo ileile yanuka kwa samaki aliyelala, yatoka kwa jasho na mkojo. Ukiacha itaondoka. Kuhusu akili, ubongo watumia kolini kutengeneza kemikali yaitwa asetilikolini ambayo kweli ina kazi kwenye kumbukumbu, na hapo ndipo wauzaji wamekamatia, lakini kwa mtu mzima asiye na upungufu matokeo ya tafiti yapishana, hakuna la kukufanya uvunje akiba. Hata wagonjwa wa Alzheimer, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, walipewa lesithini, ambayo ina kolini, na haikuwasaidia. Kuna dawa ingine wameza?

MamaMayaiBoilo:
Yai moja kubwa lina karibu 150, karibu yote kwenye kiini. Vijana wa jimu wanakuja kwangu wanakula weupe kiini wanatupa 🙄 mayai mawili na kachumbari, siku ingine maini ya ng'ombe, ushamaliza.

MzeeWaBandari:
Mimi nilitumia sitikolini, aina ingine ya kolini, miezi mitatu, hiyo ndiyo ya bei. Kilichopungua ni mfuko. Kijana walala saa ngapi?

Mlikoni34:
Mzee nalala saa saba naamka saa kumi na moja niwahi feri. @FamasiaKisauni dawa sina, labda Piriton tu, ile ya mzio, moja mchana moja usiku, sababu ya vumbi pua haikauki. Mwaka wa pili sasa.

FamasiaKisauni:
"Piriton tu" 😅 Yakhe, hiyo ndiyo ningeanza nayo. Ile yazuia asetilikolini hiyohiyo unayoitafuta kwa chupa. Yaani umefungua mfereji huku umekanyaga paipu. Ndiyo maana mtu akiinywa kinywa chakauka, na tena yasinzisha, kichwa chawa kizito hata kesho yake. Miaka miwili kila siku mchana na usiku, halafu usingizi wa saa nne, hapo hata mimi ningesahau friji lenyewe. Nenda kliniki uwaeleze pua na kusahau, kuna za mzio zisizosinzisha sana kama loratadini, waamue wao. Waambie wapime damu pia, upungufu wa vitamini B12, au tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, huleta usahaulifu. Na godauni vaa barakoa.

BintiKibokoni:
Kumbe! Mamangu anywa Piriton kila usiku apate usingizi, kisha twamcheka akitafuta miwani na iko kichwani. Naenda kuongea naye sasa hivi.

Mlikoni34:
Shukran sana wadau, kliniki naenda Jumamosi. Sasa chupa ina nusu na yule jamaa wa kazini anaitaka, nimpe?

FamasiaKisauni:
Mpe, lakini kwanza asome maandishi kwa sauti mbele yako.

MamaMayaiBoilo:
Na asikae karibu na mimi kwa matatu.